Kumkabidhi Mtoto Si Kumwacha

Ifikapo Januari kila mwaka, njia zetu hujaa watoto wenye sare mpya. Sweta ni kubwa kuliko mwili, kwa kuwa mama alinunua itakayomfaa hata mwakani, na viatu bado vyang'aa. Hao ndio wa kidato cha kwanza. Nyuma ya kila mmoja wao yuko mzazi aliyeuza gunia la mahindi, au mbuzi, au aliyekopa kwa jirani, ili daftari na sare zipatikane. Siku ya kwanza humfikisha mtoto mpaka ofisini, husimama mbele ya mwalimu kofia ikiwa mkononi, na kusema, "Mwalimu, mtoto wako ndiye huyu, nimekukabidhi." Kisha hurudi nyumbani akipumua, kama mtu aliyetua mzigo.

Neno hilo ni la heshima, wala hatulilaumu. Lakini latuletea swali ambalo tungependa kulipima juma hili pamoja na wasomaji wetu. Mzazi aliyekwisha kumkabidhi mtoto wake kwa mwalimu, amebakiwa na wajibu gani? Na yule ambaye mwenyewe hakupata kusoma sekondari, je, ni haki kumdai ajue mambo ya nyumba asiyoingia kamwe?

Kwanza yafaa tukumbuke desturi hiyo ilikotoka. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, wanafunzi wote wa sekondari nchini hawakufika 12,000. Shule zilikuwa chache, nyingi zilikuwa za bweni, na zilikuwa mbali. Baba alimpandisha mtoto lori au gari moshi, asimwone tena hadi likizo. Wakati huo kukabidhi kulikuwa ni lazima, maana hapakuwa na njia nyingine. Leo wanafunzi wa sekondari wamepita milioni mbili, na tangu shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi baada ya mwaka 2004, wengi wao hulala nyumbani kwao. Jioni mtoto hurudi, hula ugali mezani pa wazazi wake, na daftari zake zimo mkobani, hatua tatu kutoka alipoketi baba. Hata hivyo baba humhesabu kama aliyesafiri. Mambo yamegeuka, desturi imebaki palepale.

Na madhara yake si madogo. Tumwangalie mtoto aliyekuwa wa kwanza au wa pili katika shule yake ya msingi. Huko, kama ilivyo katika shule nyingi za msingi nchini, alifundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, masomo mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jambo alilolijua vizuri mwaka jana, sasa amevikwa kitambaa machoni asilione. Mwezi wa Juni analeta ripoti yenye alama 20 kwa 100. Baba asiyejua mageuzi hayo hutafuta sababu mahali anapopajua: mtoto amekuwa mvivu, ameharibiwa na marafiki, amelewa sifa. Fimbo inashuka. Mtoto aliyekuwa akihitaji kamusi na muda wa kusoma amepewa viboko kwa kosa asilolitenda. Twasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma, ijapokuwa mwenye kuitenda alidhani anatimiza wajibu.

Upande wa pili kuna hatari iliyo kinyume chake. Katika mtihani wa kidato cha nne, herufi A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F, ambayo ndiyo kushindwa, pointi 5. Hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye jumla ya 7 hadi 17 yumo katika daraja la kwanza. Mwenye 26 hadi 33 yumo katika daraja la nne. Kwa hiyo kadiri hesabu inavyopungua, ndivyo sifa inavyozidi. Mzazi asiyelijua hilo aweza kuambiwa, "Baba, nimepata pointi 33," naye akachinja kuku kwa furaha. Mtoto mwaminifu atamweleza. Aliye dhaifu atanyamaza na kula yule kuku. Hapo ujinga wa mzazi si msiba wake peke yake: umekuwa mlango wa uongo nyumbani mwake.

Wako watakaojibu, "Sisi hatujui Kizungu. Tutamwuliza nini mtoto anayetupita kwa elimu?" Jibu hili twalisikia mara nyingi, na hatulidharau, kwa sababu ndani yake mna unyonge wa kweli. Mtu mzima haoni rahisi kukiri mbele ya mwanawe kwamba hajui. Lakini kujua Fizikia ni jambo moja, na kujua namna shule inavyokwenda ni jambo jingine. La kwanza ni kazi ya mwalimu. La pili laweza kujulikana na kila mwenye macho na ulimi. Mama asiyejua kusoma aweza kufungua daftari na kuona kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita humo juma hili, au kama kurasa ni nyeupe tangu mwezi uliopita. Aweza kumwambia mtoto, "Hebu nieleze kwa Kiswahili mlichofundishwa leo," maana aliyeelewa hueleza, na aliyekariri tu hukwama. Aweza kwenda kwa mwalimu wa darasa na kumwuliza mahudhurio ya mtoto. Aweza kufika katika kikao cha wazazi, asiishie kutuma mia mbili za kalamu. Kuuliza si ujinga.

Tena imempasa kujua kwamba miaka minne ya sekondari ni ngazi yenye vipandio. Kidato cha pili kina upimaji wa kitaifa. Wakati wa kuchagua masomo hufika, na uchaguzi huo hufunga milango mingine: aliyeacha Fizikia au Kemia njiani hawezi kuja kidato cha tano kuomba tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, hata kama tangu utoto aliota kuwa daktari. Mtaala mpya umeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na si haki kuuita huo wa pili njia ya walioshindwa kabla ya kuuliza unafundisha nini. Mzazi anayefika shuleni kidato cha nne tu, matokeo yakiwa yametoka, ni kama mkulima anayekwenda shambani siku ya mavuno, hali hakupalilia.

Wengine walikosea pia kwa sababu ya ada. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za serikali, na jambo hilo limewafungulia mlango maskini wengi. Lakini iliyofutwa ni ada, wajibu haukufutwa. Mtoto bado hutaka sare, daftari, chakula cha mchana, na taa ya kusomea. Zaidi ya hayo hutaka muda: saa moja ya jioni ambayo hatatumwa maji, kuni, wala dukani. Na hasa wasichana, ambao katika nyumba nyingi humaliza kuosha vyombo wakati kaka yao amekwisha soma na kulala, kisha hushangaliwa kwa nini wamepitwa.

Si kwamba twataka mzazi ageuke mwalimu wa pili, au amsukume mtoto katika njia aliyoitamani yeye mwenyewe zamani akaikosa. Kumjua mtoto si kummiliki. Yuko mzazi ambaye kila siku yuko shuleni, anamwamulia mwanawe masomo, rafiki, na hata kazi ya maisha. Huyo naye hajamwona mtoto, amejiona mwenyewe. Tunalotaka lipo katikati: mzazi ajue ya kutosha ili aweze kusaidia kwa haki, kukemea kwa haki, na kusifu kwa haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, uliwatambua wazazi kuwa walezi wa kwanza wa watoto wao. Wa kwanza hawezi kumwachia wa pili kazi yote, kisha akadai heshima ya uzazi.

Nawe mwanafunzi wa kidato cha kwanza, sehemu yako ipo. Utajifunza maneno ambayo baba yako hayajui, na siku moja utajaribiwa kuona kwamba kwa hiyo umempita. Kumbuka ni nani aliyeuza mbuzi. Mfafanulie shule yako kwa lugha anayoielewa: ratiba yako, masomo yako, maana ya alama zako, hata zilizo mbaya. Ukimficha ripoti, umemnyang'anya nafasi ya kukusaidia. Ukiitumia kutojua kwake ili kumdanganya, umeiba kitu kikubwa kuliko fedha. Nanyi walimu, mjumbe anapofika kwenu na kanga au koti lililochakaa, msimsemeshe kwa maneno ya ofisini mpaka ajute kuja. Siku aliyojikaza akaingia mlangoni penu yaweza kuwa ndiyo siku ya kumwokoa mtoto mmoja.

Basi tulirudie swali letu. Je, ni haki kumdai mzazi ajue nyumba asiyoingia kamwe? Twajibu kwamba hadaiwi kujua yote yaliyomo. Adaiwa kubisha hodi. Mwenye kumkabidhi mtoto kwa mwalimu amempatia mtoto mlezi mwingine, hakujivua ulezi wake. Jioni ya leo, baba na mama msomao ukurasa huu, kabla taa haijazimwa, mwiteni mtoto wenu, mwambieni afungue mkoba wake, na mkae naye chini.