Mpaka Ulio Ndani ya 24

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu katika imani, sisi tuliolelewa Busia tunaujua mpaka. Lori la mahindi halipiti bila karatasi. Lakini upo mpaka mwingine tunaouvuka kila matanga yanapokwisha, na hakuna askari wa kutuzuia.

Mwaka jana ami yangu alifariki. Alikuwa muuza nafaka, na fedha zake zilikuwa pande zote mbili, Kenya na Uganda. Aliacha mke, binti mmoja, mama yake, na ndugu yake wa pekee, ambaye ni baba yangu. Wazee wakakaa, wakasema duka lichukuliwe na baba, na mjane "atatunzwa." Baba akanigeukia: "Wewe ndiye unayesomea dini. Sema."

Moyo ulinidunda. Nikaomba kalamu.

Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, zinataja nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubakisha kitu ni 24. Tena ina sifa ya pekee: kipeuo chake cha pili hakifiki 5, nayo inagawanyika kwa 1, 2, 3 na 4, yaani kila namba isiyozidi kipeuo hicho. Hakuna namba kubwa kuliko 24 yenye sifa hiyo.

Gharama za mazishi na madeni vilikuwa vimelipwa, wasia haukuwepo. Tukathamini duka, tukageuza fedha zote kuwa za Kenya: shilingi 480,000. Gawanya kwa 24, kila fungu ni 20,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana mtoto, thumni: mafungu 3, yaani 60,000. Mama, sudusi: 4, yaani 80,000. Binti, nusu: 12, yaani 240,000. Hayo ni 19. Baba yangu, akiwa asaba, hupata kinachobaki: 5, yaani 100,000.

"Matano?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Matano."

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akatoa funguo za duka mfukoni, akampelekea mjane mwenyewe.

Huenda mtu akasema: je, 24 isipotosha? Akifa mume akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama, mafungu ni 3, 16, 4 na 4: jumla 27. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imegeuka tusui. Mali hugawanywa kwa 27, kila mrithi akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Hatolewi mjane ili wengine watoshelezwe.

Aya ya 13 inayaita mafungu haya mipaka ya Mwenyezi Mungu, na ya 14 inamwonya anayeivuka. Basi tujifunze faraidhi sasa, tuizungumze nyumbani wazee wetu wakiwa hai, kabla ya siku ambayo kila mkono unashika funguo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipodhulumu, na utupe ujasiri wa kusema haki hata mbele ya wazazi wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.