Sherehe ya Mtoto ni ya Nani?

Kuna swali ambalo watu wazima hulikwepa kwa sababu linaonekana la kitoto. Ukimfanyia mwanao sherehe ya kuzaliwa, ile furaha ni mali ya nani? Ni yake peke yake kwa kuwa siku ni yake, au hata yule anayechungulia kwenye michongoma ana haki nayo?

Bethdei kwa kina sie ni jambo la juzijuzi. Bibi yetu anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa mavuno, basi. Leo mambo ni mengine. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulifika Mbeya mwaka 2013 na Iringa pia, na watoto wengi wana cheti chenye tarehe. Tarehe ikishaandikwa, mtoto atauliza: siku yangu lini?

Mpwa wangu aliuliza hivyo. Dada yangu anaishi Kihesa, Iringa. Mimi niko Soweto, Mbeya, ambako tangu nimalize kidato cha nne ninaandika riwaya isiyokwisha. Mtoto alikuwa anatimiza miaka mitano, na dada akaniambia, "Wewe si mtunzi? Basi njoo utunge michezo." Bajeti yake ilikuwa keki moja ya vipande kumi na viwili, na waalikwa kumi na wawili.

Tukachagua sherehe ya treni. Mtoto aliwahi kuiona TAZARA ikiondoka stesheni ya Mbeya na hakuacha kuisimulia, wakati wenzake wa Kihesa reli hawaijui. Njia ile iliyokamilika mwaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, haipiti Iringa mjini. Mabehewa yakawa maboksi ya sabuni yaliyotobolewa chini ili mtoto aingie na kutembea nayo. Magurudumu tuliyakata kwenye ndala zilizochakaa, tiketi kwenye daftari kuukuu. Uani tukaweka stesheni nne. Mbeya ni kulenga kopo kwa mpira wa soksi, Makambako mbio za viroba, Mlimba kuruka kamba, na Dar es Salaam kombolela.

Dada alitaka pia ule mchezo wa viti na muziki. Hapo ndipo tulipobishana. Hebu utazame vizuri mchezo huo. Kila muziki ukizimwa kiti kimoja kinaondolewa, na mtoto mmoja anakwenda kukaa pembeni. Mwisho mmoja anacheka na kumi na mmoja wanatazama. Kombolela ni kinyume chake. Waliokamatwa wanasubiri, na mmoja tu aliyejificha vizuri akiwahi kufika, wote wako huru na mchezo unaanza upya. Jina lenyewe linanukia ukombozi. Mchezo wa kwanza unataka watu wapungue, wa pili unanoga wakiongezeka.

Hapa ndipo fikra yangu ilipo. Keki ni mali: mtoto wa kumi na tatu akija, ama mtu anakosa, ama vipande vinakuwa vyembamba. Mchezo si mali ya namna hiyo. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo, lakini kuna vizuri vinavyopungua vikiliwa na ndugu, na kuna vizuri ambavyo bila ndugu havipo kabisa. Mwenye pesa kidogo akizitumia kununua vya aina ya kwanza, lazima afunge geti. Akitengeneza vya aina ya pili, geti linaweza kubaki wazi.

Najua nitakavyojibiwa, maana dada alinijibu: "Wewe unausifia umaskini kwa maneno matamu. Mtoto wangu akichekwa kwa maboksi, utakuwepo?" Ni hoja nzito hiyo. Mwenye nacho haambiwi afurahie maboksi. Kwa nini sisi tuhubiriwe? Jibu langu ni kwamba sikuitetea sherehe isiyo na keki. Keki iwepo, tena iwe tamu. Ninachokataa ni keki kuwa ndiyo kipimo cha nani aingie. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kifungu cha 31 unataja kucheza kuwa haki ya mtoto. Keki haitajwi.

Basi geti likabaki wazi. Waliingia wa jirani, na wa nyuma ya jirani. Kombolela ikawa ya watoto zaidi ya ishirini, na aliyewakomboa wote mara mbili hakuwa na kadi. Lakini sitaki kukudanganya, msomaji. Mpwa wangu alilia. Mtoto mkubwa alikuwa amekalia kichwa cha treni, kile boksi chekundu alichokipaka rangi mwenyewe, na akagoma kutoka. Kuna aliyesema, "Mfundisheni kugawana." Mimi nikasema hapana, nikamrudishia.

Ukarimu wa watu wazima usilipwe kwa mfuko wa mtoto. Sisi ndio tuliofungua geti, kwa hiyo deni ni letu. Kwake yeye kuna kitu kimoja ambacho siku ile hakigawanywi. Awe yeye dereva, na jina lake ndilo liimbwe. Mabehewa ni ya kila anayetaka kupanda. Asiyewahi kuwa na chake hata kwa siku moja, atajuaje maana ya kutoa?

Dada bado anasema mwakani atatuma kadi na kufunga geti. Tunaendelea kubishana kwenye simu. Nawe unayesoma, hasa kama una mdogo wako nyumbani na maboksi uvunguni, anza na swali lile. Kabla hujahesabu vipande, hesabu watoto wa mtaa.