Sarufi na Jinsia ya Mungu
Mtoto wa Ikonge, katika eneo la Abagusii nchini Kenya, anapoanza kujifunza sarufi ya Kiingereza, yaani kanuni za kupanga maneno hadi yawe sentensi, hukutana na sharti ambalo Ekegusii, lugha ya Abagusii, haikumwekea wala Kiswahili hakikumwekea: kila amtajapo mtu kwa kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, sharti aamue kama ni wa kiume au wa kike, kisha achague “he” au “she”. Lugha za Kibantu hupanga nomino kwa ngeli, ambazo ni makundi yanayotambulishwa na viambishi, kama omo- na aba- katika omonto na abanto, na ngeli hizo hazijali jinsia. Kwa hiyo kuvichanganya viwakilishi hivyo viwili, kosa linalokaripiwa sana darasani, si uzembe hata kidogo.

Swali zito huzuka anapotajwa Mungu, ambaye Abagusii humwita Nyasae. Katika “anatupenda”, neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendewa bila kumpa mtenda jinsia, ilhali Kiingereza, katika “He loves us”, humtenga mtenda na, kwa desturi, humfanya wa kiume. Je, ajifunzaye sentensi hiyo amepokea pia itikadi? Si lazima, kwa kuwa Kiarabu nacho humtaja Mwenyezi Mungu kwa kiwakilishi cha kiume huku wanatheolojia wa Kiislamu wakikana kwamba ana jinsia, na Wakristo humwita Baba hata katika lugha zisizo na viwakilishi vya jinsia. Tofauti ni kwamba “Baba” ni tamko linaloweza kuhojiwa, lakini kiwakilishi hupita kimyakimya, kikisahihishwa kama tahajia tu.