Mali Bila Daftari

Tuichukue shule moja ya kata mbele ya Mbagala Rangi Tatu, njia ya kwenda Chamazi. Jina halina haja, maana kisa ni cha kutunga na kingeweza kuhamishiwa Bunju, Goba au Kigamboni bila kubadilika. Kidato cha nne kina mikondo minne, wanafunzi 160. Mtihani wa taifa ni Novemba, mahafali ni mwanzoni mwa Oktoba, na serikali ya wanafunzi imeahidi jambo ambalo halijawahi kufanyika pale: kitabu cha kumbukumbu chenye picha ya kila mhitimu, jina lake na neno lake la kuaga.

Ahadi hiyo aliitoa dada mkuu wakati wa kampeni. Mpinzani wake aliahidi makande yenye maharage ya kutosha, yeye akaahidi kitabu, akashinda. Alikuwa binti wa kuaminika: anawahi namba, hesabu anapata A, na walimu humtuma kitu wakakisahau wakijua kitafanyika. Tulitaje hilo mapema, kwa sababu katika kisa hiki hakuna mwizi.

Kamati ya kitabu ilikwenda Kariakoo kuulizia bei. Mchapaji akasema shilingi 9,000 kwa nakala, karatasi ya kung'aa, jalada la rangi, kubana kwa pini. Mpiga picha wa mtaani akataka 1,000 kwa kila kichwa. Wakajumlisha, wakapata 10,000 kwa mwanafunzi, wakatangaza mstarini. Nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo hawakuihesabu. Makato ya kutoa pesa kwenye simu hawakuyahesabu. Flashi ya kubebea picha nayo hawakuihesabu.

Kukusanya kukaachiwa viranja wa mikondo. Kiranja wa A alipokea taslimu wakati wa mapumziko na kuandika kwenye kaunta buku. Wa B, kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, alitoa namba ya mama yake, wazazi wakatuma huko. Wa C alipokea kidogo kidogo, leo mia tano, kesho elfu moja, akaandika majina ukurasa wa mwisho wa daftari la Baiolojia. Wa D aliugua malaria wiki mbili, mwenzake akashika nafasi, na waliporudishiana kazi hawakuhesabiana.

Siku ya kufunga michango, wanafunzi 118 walikuwa wamemaliza kulipa, sawa na 1,180,000. Wengine 17 walikuwa wamelipa nusunusu, jumla 96,000. Waliobaki 25 hawakutoa kitu. Kwa hiyo mkononi zilipaswa kuwepo 1,276,000. Dada mkuu alikabidhiwa 1,209,000. Hakuuliza 67,000 zimekwenda wapi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejumlisha hiyo hesabu ya kwanza.

Kisha mchapaji akapiga simu: karatasi imepanda. Ama waongeze 1,000 kwa kila nakala, ama wapunguze kurasa nne. Kitabu cha kubana kwa pini huenda kwa kurasa nne nne, maana karatasi moja ikikunjwa huzaa kurasa nne, na huwezi kung'oa moja ukaacha tatu. Kila ukurasa ulibeba picha 12. Picha 160 zilihitaji kurasa 14. Picha 118 zingetosha kwenye kurasa 10. Tofauti ni nne kamili.

Hapo ndipo hesabu ilipofanya uamuzi ambao watu hawakuufanya. Hakuna aliyesimama kwenye kikao akasema tuwafute wenzetu 42. Mtu mmoja alisema tu, "Si tuweke waliolipa?" Wengine wakaitikia kwa kichwa, maana jua lilikuwa linazama na daladala za jioni zinajulikana. Muhtasari wa kikao haukuandikwa.

Wakachapa nakala 120: za waliolipa, moja ya maktaba na moja ya mwalimu mlezi. Zikamaliza 1,080,000. Zikabaki 129,000, lakini mpiga picha alikuwa ameshawapiga wote 160, darasa zima kwa mstari, akidai 160,000. Wakawa na deni la 31,000. Wale 17 waliolipa nusunusu hawakupata kitabu, picha zao hazikutoka, na pesa zao zilikuwa zimeshalipia vitabu vya wengine.

Siku ya mahafali alikuja mama mmoja anayekaanga samaki kituoni. Binti yake alikuwa mkondo C, amelipa 7,500 kwa mwezi na nusu. Aliazima kitabu kwa jirani, akakifunua mara mbili, akamfuata dada mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikuja kugombana. Nionyeshe tu mliandika wapi."

Daftari la Baiolojia lilikuwa nyumbani kwa kiranja, Mbande. Hadi Jumatatu habari ilikuwa imefika kila mkondo, na neno lililokuwa likisemwa vyooni na kwenye foleni ya chakula lilikuwa moja: wameiba. Mwalimu mlezi aliwakalisha viranja wote mchana mzima, wakakumbuka safari moja baada ya nyingine. Makato, nauli, flashi, soda ya mpiga picha, elfu tatu za kusafisha picha mbili zilizoharibika. Karibu kila shilingi ilipata mahali ilipokwenda. Hakuna hata moja iliyopata stakabadhi. Dada mkuu akaingia kwenye mtihani wa taifa akiitwa mwizi na watu aliowatumikia, na hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Wengi wakisikia kisa cha namna hii hutafuta tabia mbaya. Wanasema vijana wafundishwe uadilifu, waletewe mgeni wa kuwahutubia. Huyu binti uadilifu alikuwa nao. Alichokosa ni utaratibu wa kuuthibitisha, na mbele ya mtu aliyetoa pesa yake, uaminifu usiothibitika na wizi vinafanana.

Kosa hili halianzii wala haliishii kidato cha nne. Katiba, Ibara ya 143, inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague hesabu angalau mara moja kila mwaka. Ripoti zake zikifika bungeni, watu hukimbilia kutafuta majina ya wezi. Ndani mnajirudia mambo ya kawaida zaidi: malipo yasiyo na nyaraka, makusanyo ya halmashauri yasiyofikishwa benki. Ni ile kaunta buku na lile daftari la Baiolojia, ila sifuri zimeongezeka.

Wanafunzi wa Dar es Salaam wana historia ndefu ya kuchapa mambo yao. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, walianzisha jarida la Cheche, wakilichapa kwa stensili na kulibana kwa mikono, hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Mmoja wa wahariri wake, Zakia Meghji, baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha. Cheche liliuawa na yale liliyoyasema. Machapisho mengi ya wanafunzi hayabahatiki kufa kifo cha heshima kiasi hicho, hufia kwenye hesabu.

Basi serikali ya wanafunzi inayotaka kitabu mwaka huu ifanye hivi. Kwanza, gharama zote ziandikwe kabla ya kutangaza bei, pamoja na nauli na makato. Pili, pesa zipite mkono mmoja chini ya mwalimu mlezi, na kila anayelipa, hata mia tano, apewe stakabadhi yenye nakala. Kitabu cha stakabadhi kinauzwa duka lolote la vifaa vya ofisi. Tatu, hesabu zibandikwe ubaoni kila Ijumaa. Nne, mkaguzi awe yule aliyeshindwa uchaguzi. Bungeni nako Kamati ya Hesabu za Serikali imezoeleka kuongozwa na mbunge wa upinzani, kwa sababu hiyo hiyo: mwenye hamu ya kuona kosa hachoki kulitafuta. Yule wa makande angeiona 67,000 siku ya kwanza.

La tano ni zito kuliko yote. Kuwemo kitabuni na kumiliki nakala ni mambo mawili. Serikali ilifuta ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016 ili mtoto asikose darasa kwa ufukara wa nyumbani. Kitabu kinachoandika waliolipa tu kinairudisha ada kwa mlango wa nyuma, tena kinairudisha kwenye kumbukumbu, ambako haifutiki. Asiye na 10,000 asichukue nakala, hilo halina ubishi. Ila picha yake iwemo, na jina lake liandikwe sawasawa. Kama kurasa hazitoshi, jalada lipunguzwe rangi, au picha zipunguzwe ukubwa ziwe 16 kwa ukurasa: 160 zingeenea kurasa 10 zile zile, kwa bei ile ile, bila kumtoa mtu.

Hesabu hiyo ya mwisho ni ya kugawanya, ya darasa la nne. Ilikosa mtu wa kuifanya kwa sababu kikao kilikuwa na haraka na hakikuwa na mwandishi. Wazee wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi unayealikwa kwenye mahafali mwaka huu, omba kuona daftari kabla ya kufungua kitabu. Kiongozi mzuri atakuletea akiwa anatabasamu. Akinuna, usimwite mwizi. Mnunulie kitabu cha stakabadhi.