Ugonjwa wa Ukoo, Je, ni Siri?

Wanafunzi wa Bwana walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo lingali likisikika majumbani mwetu mtu apatwapo na saratani ya utumbo mpana: alikula nini, alikunywa nini, amerogwa na nani?

Kweli, tumbaku, pombe, unene na nyama za kusindikwa kama soseji huongeza hatari. Lakini wako wachache walioirithi hatari hiyo. Mwaka 1895, huko Michigan, Marekani, mwanamke mshonaji alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kama jamaa zake. Akafa kwa ile ya kizazi. Baadaye Daktari Henry Lynch alizichunguza jamaa za namna hiyo, na hali hiyo ikapewa jina lake. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Mgonjwa wa namna hii hana hatia. Je, anayo haki ya kunyamaza? Twasema hana. Twaijua haya yake. Mambo ya choo hayatajwi mbele ya wakwe, sembuse gazetini! Walakini ndugu aliyeambiwa mapema aweza kuchunguzwa utumbo kwa kamera, vinyama vikaondolewa kabla havijageuka saratani. Daktari amefungwa na siri ya kazi yake. Mgonjwa mwenyewe na awaambie nduguze na wanawe wazima, hata kwa barua, ikiwa uso kwa uso ni vigumu.