HAKI YA MWILI: AMANA YA VIUNGO NA KIPIMO CHA KAZI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahikia Yeye, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji dhaifu, kisha akamtengeneza, akampa masikio, macho na moyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Hakika katika neema ambazo mwanadamu huzitumia sana na kuzishukuru kidogo, ni neema ya mwili wake. Katika Sura ya Adh-Dhariyat, Mola amewahimiza waja wazitazame dalili zilizomo ndani ya nafsi zao, kama wanavyozitazama zilizomo katika ardhi. Na kutazama huku si kwa ajili ya kustaajabu tu, bali kuna hukumu nyuma yake. Kwani anayejua kuwa kitu kimeumbwa kwa kipimo, humlazimu akitumie kwa kipimo. Na mwili ni amana, si milki. Aliyewekewa amana haulizwi kama ameiiba tu, bali huulizwa pia kama ameiharibu kwa kupuuza.

MASALA YENYEWE

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, upo mji uitwao Shakopee, kando ya Mto Minnesota, kusini-magharibi ya Minneapolis. Mwaka 2016 kampuni ya Amazon ilifungua ghala kubwa mjini hapo. Miongoni mwa waliopata riziki humo walikuwamo Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, hasa Wasomali. Kazi yao ilikuwa kuchukua bidhaa, kuzipanga na kuzifunga, kwa kiwango kinachohesabiwa na mashine saa baada ya saa.

Miaka hiyo mwezi wa Ramadhani uliangukia Mei na Juni, ambapo katika nchi hiyo jua huchwa karibu na saa 3 za usiku na alfajiri huingia mapema mno, hata saumu ikafikia takriban saa 17. Wafanyakazi walilalamika kwamba kiwango cha kazi ni kizito, na kwamba dakika za kusali, za kunywa maji na za kwenda haja huwapunguzia hesabu yao, nao huchelea kufukuzwa. Kampuni kwa upande wake ilijibu kuwa sala imeruhusiwa, na kuwa mapumziko mafupi ya sala hulipwa. Mwezi wa Desemba 2018 wafanyakazi waliandamana nje ya ghala, wakisaidiwa na kituo cha Awood cha mjini Minneapolis. Na tarehe 15 Julai 2019, katika siku ya mauzo makubwa ya kampuni hiyo, baadhi yao waligoma kwa saa kadhaa.

Ugomvi huu umekwisha kusemwa mengi na watu wa siasa na wa biashara. Ama Muislamu, linamhusu swali lililo chini yake: Je, mwili una kipimo ambacho mwenye kazi hana ruhusa ya kukivuka, hata kama mfanyakazi mwenyewe ameridhia? Hahukumu mwenye kuhukumu mpaka asikie mashahidi, na mashahidi wa masala haya ni viungo vyenyewe.

USHAHIDI WA VIUNGO

Shahidi wa kwanza ni moyo. Moyo wa mtu mzima ni kiasi cha ngumi yake, nao una vyumba vinne. Viwili vya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni. Viwili vya kushoto huipokea ikiwa imepata hewa safi, na kuisukuma mpaka ncha za vidole. Njia hii ya damu kupita mapafuni ilielezwa na tabibu wa Kiislamu, Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, takriban karne tatu kabla ya matabibu wa Ulaya kuiandika. Na ndani ya mapafu damu hukutana na hewa katika mifuko midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo idadi yake ni mamia ya milioni.

Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Mtu akiwa ametulia, husukuma yapata lita 5 za damu kwa dakika. Akibeba mizigo na kwenda mbio, kiasi hicho huzidi maradufu na zaidi. Lakini haupigi bila ya kupumzika. Baina ya pigo na pigo moyo hulegea, na katika kulegea huko ndipo hujaa damu, na ndipo nyama yake yenyewe hupata sehemu kubwa ya riziki yake. Unapoharakishwa kupita kiasi, muda wa kulegea ndio unaopunguzwa zaidi. Basi kiungo ambacho watu hudhani hakipumziki kabisa, Muumba amekiwekea mapumziko ndani ya kazi yake.

Matabibu wa miji hiyo hiyo ya Minnesota walilijua hili kwa uzoefu. Katika chuo kikuu cha jimbo hilo, tarehe 2 Septemba 1952, walimpasua moyo mtoto wa miaka 5 baada ya kuupoza mwili wake, ili viungo vistahamili dakika chache bila ya damu. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na wakati huo vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo vilitegemea umeme wa ukutani. Tabibu Walton Lillehei alimwomba fundi Earl Bakken amtengenezee kifaa cha betri, naye akakitengeneza kwa wiki chache tu. Ujuzi wao wote ulikuwa katika kuufuata mpigo aliouweka Mwenyezi Mungu, wala hawakujaribu kuulazimisha mpigo mwengine.

Shahidi wa pili ni figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku, kisha huyarudisha karibu yote, na yanayotoka kuwa mkojo kwa kawaida ni lita moja hadi mbili tu. Nazo hushirikiana na ngozi. Mtu anapofanya kazi katika joto, ngozi hutoa jasho, na jasho linapokauka huupoza mwili usipande mbali na nyuzi 37. Maji yakipungua, figo huubana mkojo, damu hupungua mishipani, na moyo huenda mbio kufidia upungufu huo. Mambo yakiendelea hivyo, joto hupanda, akili huchanganyika, na mtu huweza kuanguka na kufa. Na wanavyuoni wamemkataza mtu kusimama katika sala huku anazuia haja yake, na hali sala ni nguzo ya dini. Seuze kuizuia kwa ajili ya masanduku ya biashara!

Shahidi wa tatu ni tumbo na ini. Utumbo mwembamba, ambao urefu wake ni kiasi cha mita 6, hufyonza chakula kilichosagwa na kukipeleka kwenye ini, na ini huweka akiba ya sukari. Mfungaji anapokaa saa nyingi bila ya kula, ini hulifungua ghala lake kidogo kidogo. Akiba hiyo ikipungua, mwili hugeukia mafuta. Kwa rehema hii mja huweza kufunga na akafanya shughuli zake. Ama maji, mwili haukuwekewa ghala kama hilo. Kila tone la jasho hutoka katika damu na nyama ya mtu. Kwa hivyo mwenye saumu hastahamili joto na kasi kama anavyostahamili njaa, na mwenye kumwajiri mfungaji yampasa alijue hilo.

Shahidi wa nne ni mifupa na maungo. Mtu mzima ana mifupa 206, na baina yake mna gegedu laini linalozuia mfupa usisage mfupa mwenzake. Gegedu hili halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayoingia na kutoka kwa mwendo na mapumziko, na likichakaa haliponi upesi. Mgongo unaoinama mara elfu kwa siku moja, na mkono unaorudia harakati ile ile bila ya kituo, huvimba kano na kuumia. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwanadamu ameumbwa juu ya viungo 360, na kila kimoja kinadaiwa sadaka kila siku, na miongoni mwa sadaka hizo ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Basi vipi atakuwa ametoa sadaka ya viungo vyake yule anayeviudhi viungo vya wenziwe?

Shahidi wa tano ni ubongo, ambao uzito wake ni kiasi cha asilimia 2 tu ya mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake mtu akiwa ametulia. Usingizi ni haki yake, na akinyimwa, makosa huzidi na mikono huteleza. Sheikh Nuruddin Abdulla bin Humaid al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alipofuka macho tangu utotoni, na juu ya hivyo akawa bahari ya elimu katika Oman, na kitabu chake cha Talqin al-Sibyan bado husomeshwa watoto. Mwenyezi Mungu alimchukulia kiungo kimoja akakifanyia wasaa kingine. Lakini hiyo ni hukumu ya Mola, wala haimpi mja ruhusa ya kumharibia mwenziwe kiungo.

HUKUMU

Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdullah bin Amr kufunga kila siku na kusimama kila usiku, akamjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Salman al-Farisi naye alimnasihi nduguye Abu Dardaa kwa maana hiyo hiyo, na Mtume akamsadikisha. Ikiwa ibada ya sunna haikuruhusiwa kuudhulumu mwili, basi biashara haina hoja.

Na ridhaa ya mfanyakazi haihalalishi dhara. Mtu huuza kazi yake, wala hauzi figo zake na moyo wake, kwa kuwa hauzwi usiomilikiwa. Aliyefunga kisha akafikiwa na dhiki ya kuhofia kuangamia, hufungua kwa kiasi cha kujiokoa, na huilipa siku hiyo. Wala si uchamungu kujiua kwa kiu. Ama uzito wa kazi peke yake si ruhusa ya kuamka bila ya nia ya saumu.

Na mfanyakazi naye ana wajibu. Ujira ni mkataba, na mwenye kuchukua ujira kamili kisha akaiba saa, amekula haramu. Asiifanye sala kuwa kisingizio cha uvivu, kwani huidhulumu sala kabla ya kumdhulumu tajiri.

Jimbo la Minnesota limekuja kupitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2023, inayowalazimisha wenye maghala makubwa kumweleza mfanyakazi kiwango chake kwa maandishi, na inayokataza kiwango chenye kumzuia kula, kupumzika, kusali au kwenda haja. Hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aipatapo ana haki nayo zaidi.

KATIKA NYUMBA ZA GHUBA

Lakini hasara kubwa ni ya mwenye kuisoma habari ya Shakopee akawalaumu watu wa mbali, na hali jikoni kwake yupo mtumishi aliyeamka kabla ya daku ili apike, naye halali mpaka vyombo vya mgeni wa mwisho vioshwe. Mashine haimhesabii, lakini kengele ya bibi wa nyumba humwita kila anapokaa. Huyo naye ana moyo unaohitaji kulegea, na figo zinazohitaji maji, na magoti yanayopanda ngazi hiyo hiyo mara ishirini kwa siku.

Katika Oman, kuanzia Juni mpaka Agosti, sheria imesimamisha kazi za ujenzi na za mahali pa wazi, kutoka saa 6 na nusu mchana mpaka saa 9 na nusu alasiri. Na mwenye kumwita mtu amkatie mitende au amtengenezee ukuta wa ua katika saa hizo, kwa kuwa hakuna mkaguzi anayeona, na akumbuke kuwa Mkaguzi wa kweli hapitiwi na usingizi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba watumishi ni ndugu waliowekwa chini ya mikono ya mabwana zao: walishwe katika chakula kile kile, wavishwe katika nguo zile zile, wasikalifishwe wasiyoyaweza, na wakikalifishwa, wasaidiwe. Basi baba wa nyumba na aanze jioni ya leo: amuulize mtumishi wake analala saa ngapi, amwekee saa za kupumzika zisizovunjwa, na watoto wafundishwe kujichukulia maji wenyewe.

Imekuja katika Sura ya Yasin kuwa siku hiyo vinywa vitapigwa muhuri, mikono itazungumza na miguu itashuhudia. Wanavyuoni hulisoma hilo kwa kuogopa mikono yao wenyewe. Na ni juu ya mwenye akili aiogope pia mikono ya wengine, iliyomfanyia kazi, nayo inajua kwa hesabu kamili ilibebeshwa nini.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuitambua amana ya miili, awape afya wagonjwa, na awaepushe matajiri na watumishi wao na dhulma ya dhahiri na ya siri. Amin. Na mwisho wa dua ni kumshukuru Mola wa walimwengu wote.