Mimi Nauza Tu

Duka langu liko nyuma ya kinyozi, katika mji ambao haupo. Mwenye duka anaitwa Mzee Kimya, na huyo ni mimi kila Jumamosi jioni kwa beshte yangu Roysambu: wasee watano, dadu za pande ishirini na thamosi ya chai. Tunacheza Mutants & Masterminds, mchezo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu uliotoka Marekani mwaka 2002. Wenzangu kila mmoja ana shujaa wake. Mimi naendesha mchezo, kwa hivyo naachiwa dunia yote iliyobaki: wezi, polisi, wauzaji.

Kwenye mchezo huu pesa karibu hazina kazi. Shujaa wa kawaida anaanza na pointi 150, na kila kitu ananunua kwa hizo, iwe kuruka, miale au gari. Ndiyo maana duka ni shida. Aliyetoa pointi 20 kupata miale atajisikiaje mwenzake akijinunulia bunduki ya miale kwa noti mbili? Nikaamua Mzee Kimya hapokei pesa. Anapokea siri, au fadhila utakayodaiwa baadaye. Na haulizi mzigo unaenda wapi. Hiyo niliiweka kama swaga tu.

Mashujaa walimpenda. Walinunua kwake kifaa cha kuzima kamera, wakaokoa mateka kumi na mmoja. Wiki tatu baadaye, yule shujaa wetu anayeruka alikuwa juu ya mji, amebeba mtoto, adui akamfunga bangili ya kuzima nguvu. Dadu ikaanguka vibaya. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Walipofuatilia ile bangili ilikotoka, wakaja dukani.

"Mzee, hii ulimuuzia nani?"

Nikajibu kwa ile sauti yake nzito: "Mimi nauza tu, wajukuu. Nisipouza mimi, jirani atauza."

Meza ikanyamaza. Halafu beshte yangu akasema, "Buda, si hivi ndivyo wewe husema kuhusu kazi yako?"

Kazi yangu ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo nimesaidia watu kupata digrii ambayo mwenyewe sina. Akaunti ninayotumia ni ya kukodi. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hii kuwa kosa, na inamlenga muuzaji, si mwanafunzi. Nilipoisoma nilicheka kwa uchungu: mwenye karo kaachwa, asiye nayo ndiye mhalifu.

Hapo nilifanana na Toomes wa Spider-Man: Homecoming, yule anayeuza silaha zilizoundwa kwa mabaki ya vita vya New York. Anamwambia Peter kwamba Stark naye alitajirika kwa kuuza silaha. Na ni kweli, manze. Shida ni kwamba ukweli kuhusu Stark hausemi chochote kuhusu sanduku ambalo Toomes mwenyewe amelibeba. Vilevile inawezekana kabisa jirani atauza. Lakini insha iliyotoka kwangu, mimi ndiye niliyeiandika.

Insha ya historia ya sanaa sioni itamwangusha nani. Lakini nimeandika pia za uuguzi. Moja ilihusu vipimo vya dawa kwa watoto, ikapata alama za juu, nami nikafurahi kama vile nimefaulu mimi. Kwenye mchezo namwona mtoto akianguka kwa sababu mimi ndiye namsimulia. Kwenye kazi, hadithi hukatika mteja akishalipa.

Wenzangu walitaka kuchoma duka. Mmoja akakataa: na wale mateka kumi na mmoja? Wakabishana dakika arobaini bila kurusha dadu hata mara moja. Mwishowe wakamwekea Mzee sharti: kuanzia leo utakuwa unauliza. Nikakubali haraka haraka. Mzee Kimya halipi kodi ya nyumba.

Jumanne usiku oda ikaingia. Uuguzi, maneno 2,000, makataa saa kumi na mbili asubuhi. Landilodi anangoja tarehe tano. Nikamwandikia mteja: ukimaliza masomo utafanya kazi wadi gani?

Akanirudishia alama ya kuuliza, peke yake. Imefika saa saba usiku na faili sijaifungua.